Amwani na Kahawa: Asili ya Neno si Asili ya Zao

Neno la Kiingereza coffee lilianza kuonekana katika maandishi ya lugha hiyo mwishoni mwa karne ya 16. Kwa kawaida hufuatiliwa kupitia koffie la Kiholanzi na kahve la Kituruki hadi qahwa la Kiarabu, ambalo wanaleksikografia wa kale walilieleza kuwa jina la mvinyo. Kiswahili kilipata kahawa kutokana na qahwa hilo, na buni kutokana na bunn.

Katika Karagwe na Kyerwa, Songambele ikiwamo, ushahidi ni mwingine. Wanyambo na Wahaya huiita amwani, jina lenye undugu na emmwanyi la Kiganda, wala halina uhusiano na qahwa. Maana yake nayo ni tofauti. Amwani haikuwa kinywaji: matunda mabichi yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, kisha yakatafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo. Katika kuchanjiana udugu, wawili waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akiipaka damu yake. Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, tayari aliitaja kahawa ya Karagwe kuwa kitu cha kutafunwa.

Hivyo, dai lirudiwalo mara nyingi kwamba kahawa ililetwa Kagera na wamisionari lina ukweli kwa arabika pekee. Robusta ilikuwapo kabla yao, na jina lake pia. Anayeanza utafiti wake na neno kahawa hukutana na mnunuzi kabla ya mkulima.