Kutoka Waya hadi Mnara: Sera na Simu kwa Mtazamo wa Mugeta

Neno *simu* tulilirithi kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni waya. Hilo si pambo la kamusi; ndani yake imo historia ya sera. Maadam sauti ilisafiri kwa waya, mwenye nguzo ndiye aliyeamua nani azungumze na nani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi hiyo nchini Tanzania ilishikwa na Shirika la Posta na Simu peke yake. Waya ulifuata ofisi na miji. Vijiji vya kata kama Mugeta, wilayani Bunda, vilitegemea barua, na aghalabu msafiri.

Husemwa kwamba teknolojia hutangulia na sheria huikimbiza. Nadai kwamba huo ni nusu ya ukweli. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyoligawa Shirika na kufungua mlango kwa kampuni binafsi. Simu ya mkononi ikaingia sokoni mwaka 1994. Lakini mnara nao una tabia yake: hupenda kusimama palipo na watu wengi wenye fedha. Ndipo mwaka 2006 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaochangiwa na makampuni na kutoa ruzuku ili minara ifike vijijini. Teknolojia iliilazimisha sera kutamka neno ambalo soko halikuwa nalo: *wote*.

Mwaka 2008 M-Pesa ilianza nchini, na laini ikageuka mkoba. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilikuja mwaka 2015. Kwa miaka 7 watu walikuwa wametumiana fedha kwanza. (Hapa, nakiri, methali ya sheria kukimbia nyuma inasimama.) Kisha dola nayo ikauona mkoba. Mwaka 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ulidai namba ya kitambulisho cha Taifa, na kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Mwaka 2021 ikafuata tozo ya miamala, iliyopunguzwa mwaka huohuo baada ya malalamiko. Kwa mkulima wa pamba aliyekuwa bado anaisubiri namba yake, kufungiwa laini hakukuwa kukosa mazungumzo tu, bali kukosa njia ya kuufikia mkoba.

Wanaisimu tuna la kuuliza hapa: mtu huyo anaitwaje? Kisheria ni *mtumiaji*, na anaweza kulalamika mbele ya Mamlaka ya Mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa kampuni ni *mteja*, na anaweza kuhamia mtandao mwingine. Mbele ya karani wa vitambulisho ni *mwombaji*. Huyo, hata akijilipia nauli hadi Bunda mjini, hana la kufanya ila kusubiri namba.