Tanini na Ukakasi: Istilahi Mbili za Divai ya Barolo

Tanini ni jina la jumla la kampaundi za mimea zenye tabia ya kushikamana na protini, na jina hilo lilitokana na kazi ya kutengeneza ngozi, ambamo magome yenye kampaundi hizo huifanya ngozi mbichi isioze. Kazi hiyo si ngeni katika Afrika Mashariki, kwani magome ya mikoko ya pwani yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili yake, na miwati ya Njombe ilipandwa kwa sababu hiyohiyo. Hata hivyo, neno tanini hutaja kitu kilichomo ndani ya divai, wala halisemi kinywa kinahisi nini kinapokipokea. Kwa hisia hiyo Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, ukakasi, ambalo yeyote aliyewahi kuuma bibo au ndizi mbichi hulielewa bila kufafanuliwa.

Waandishi wanaosema "uchungu" au "ukali" wa divai nyekundu wanapotosha, kwa sababu uchungu, kama ulivyo uchachu, ni ladha, ilhali ukakasi kimsingi ni mguso. Mate yana protini zinazokifanya kinywa kiteleze. Tanini inapozikamata, protini hizo hugandamana na kuacha kazi yake, na hapo ulimi, ufizi na mashavu husuguana vikiwa vimekauka, hali inayoendelea hata baada ya divai kumezwa. "Ukali" nao unafaa zaidi kwa pilipili au kwa pombe yenye nguvu. Ni kweli kwamba magazeti yamelizoesha neno ukakasi kwa mambo yenye utata, lakini maana hiyo imechipuka kutokana na ile ya kinywani, na haifai kumzuia mtunga istilahi kulitumia neno pale lilipozaliwa.

Barolo, divai inayotengenezwa katika vilima vya Langhe karibu na mji wa Alba, jimboni Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi haja ya kutenganisha dhana hizi. Hutokana na zabibu za aina moja tu, Nebbiolo, ambazo huchelewa kuiva na mara nyingi huvunwa Oktoba. Rangi yake ni hafifu, nyekundu inayoelekea kahawia kadiri miaka inavyopita, na harufu yake hufananishwa na waridi na lami, kwa hiyo anayeitazama tu kwenye glasi hutarajia kinywaji chepesi, kumbe rangi na tanini ni vitu viwili tofauti, na maganda na mbegu za Nebbiolo zina tanini tele. Watengenezaji wa jadi huyaacha maganda yaloweke kwa wiki kadhaa katika maji ya zabibu yanayochacha, kisha huihifadhi divai katika mapipa makubwa ya mwaloni. Sheria hudai miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ikiwa ndani ya mapipa, na kwa daraja la Riserva miezi 62. Muda huo si urembo, kwani molekuli za tanini huungana polepole, nyingine hutuama chini, na ukakasi uliokuwa ukikwaruza huwa laini.

Chakula kinachoandamana na Barolo huchaguliwa kwa kanuni ileile inayoifanya chai iliyokolea ipungue ukakasi inapotiwa maziwa: tanini ikipata protini nyingine ya kushika, huyaachia mate nafasi. Ndiyo maana Piemonte hupika brasato, nyama ya ng'ombe inayochemshwa taratibu kwa saa kadhaa ndani ya divai yenyewe, na hula jibini kavu la Castelmagno, ambalo chumvi na mafuta yake huupunguza ukakasi zaidi, huku uchachu wa Nebbiolo ukikata mafuta hayo. Barolo iliyokomaa, ambayo haihitaji tena kutulizwa, huwekwa kando ya tajarin, tambi nyembamba za mayai mengi, zilizonyunyiziwa vipande vyembamba vya uyoga mweupe wa ardhini wa Alba. Pilipili huzidisha ukakasi pamoja na joto la pombe, na samaki wenye mafuta mengi huacha ladha ya chuma wanapokutana na divai nyekundu, kwa hiyo vyakula hivyo viwili huwekwa mbali na Barolo, hasa ikiwa bado changa.