Mwili wa Mkimbiaji katika Historia ya Mbio Ndefu za Burundi

Historia ya riadha ya Burundi huanzishwa kwa kawaida tarehe 3 Agosti 1996, siku ambayo Vénuste Niyongabo alishinda mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta kwa muda wa dakika 13 na sekunde 7.96, akaipatia nchi yake medali ya dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza, ilhali nyumbani jeshi lilikuwa limeipindua serikali siku tisa zilizotangulia na nchi jirani zilikwisha kutangaza vikwazo vya kiuchumi. Masimulizi hayo ni ya haki, lakini huhesabu medali na kuusahau mwili uliozichuma, yaani damu, misuli na mifupa iliyochakaa katika mazoezi ya miaka mingi.

Mwili huo hukabiliwa kwanza na jiografia. Bujumbura iko katika bonde la Imbo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa takribani mita 800, na joto lake la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Akimbiaye kilomita 20 au zaidi katika joto hilo huulazimisha moyo wake kugawa damu kati ya misuli inayodai oksijeni na ngozi inayopaswa kuupoza mwili, hivyo kadiri jasho linavyomtoka ndivyo mapigo ya moyo yanavyopanda ingawa kasi haijaongezeka, na chumvi hukaukia kwenye fulana huku nguo iliyolowa ikimchubua makwapa na mapaja. Mashariki ya mji, barabara ya taifa namba 1 hupanda miteremko ya Mumirwa hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako uhaba wa oksijeni huuchochea mwili kuzalisha chembechembe nyekundu za damu kwa wingi, faida ile ile inayofuatwa na wakimbiaji huko Iten nchini Kenya. Hata hivyo, kwa misuli kushuka ni kugumu kuliko kupanda: kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikivutwa, nyuzi zake huchanika, na maumivu hufikia kilele baada ya siku moja au mbili, wakati ambapo mkimbiaji hushuka hata ngazi tatu kwa kushikilia ukuta. Vidole navyo hugonga ncha ya kiatu kwa kila hatua, damu ikavilia chini ya kucha, kucha ikawa nyeusi na hatimaye ikang'oka.

Lipo dhara jingine lisiloonekana, nalo katika eneo hili lastahili kupewa uzito zaidi. Kila unyayo unapopiga lami, chembechembe nyekundu chache hupasuka ndani ya mishipa midogo ya mguu, na kwa mkazi wa Imbo, ambako malaria hukaa mwaka mzima, vimelea vya ugonjwa huo huharibu chembechembe hizo hizo. Mwanariadha mwenye upungufu wa wekundu wa damu hafanani na mgonjwa. Huamka na kukimbia kama kawaida, ila miguu imekuwa mizito na muda wake wa jana haufikiki, na kocha asiye na kipimo cha damu huweza kumdhania mvivu akamwongezea kilomita. Janga la malaria la 2000 na 2001, lililoenea hadi mikoa ya milimani, liliondoa hata ile nafuu ambayo nyanda za juu ziliwapa vijana wake.

Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993 viliacha alama zake katika miili hiyo hiyo. Gilbert Tuhabonye, mwanafunzi na mkimbiaji, alinusurika mwezi huo katika mauaji ya Kibimba akiwa na majeraha makubwa ya moto, kisha akarudi kukimbia na baadaye akawa kocha Austin, Marekani. Ngozi iliyoungua kwa kina hupoteza tezi za jasho na uwezo wa kunyumbuka, kwa hiyo kurudi kwake kulidai kazi ambayo saa ya uwanjani haiwezi kuipima.

Niyongabo mwenyewe alikuwa mtu wa mita 1,500, na alihamia 5,000 baada ya kumwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500. Baada ya Atlanta majeraha yalimwandama, na Sydney mwaka 2000 hakufika fainali. Francine Niyonsaba, mshindi wa medali ya fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016, alisukumwa kwenye mbio ndefu na kanuni za 2019 za shirikisho la dunia kuhusu homoni za asili za wanawake, akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mwaka 2021, kisha mwaka uliofuata akazuiwa na ufa mdogo katika mfupa wa mguu, ule unaotokana na kishindo kinachorudiwa mara maelfu na si pigo moja. Mapafu na moyo huzoea kilomita mpya ndani ya wiki chache, lakini mfupa huchukua miezi, kwa sababu hubomoa sehemu yake ya zamani kabla ya kujenga mpya. Ufa wa namna hiyo hudai wiki sita hadi nane bila kukimbia, na kwa mwanariadha anayeishi kwa zawadi za mashindano, wiki hizo ni za kukaa bila kipato.