Maji yasiyoisha: historia fupi ya hitilafu za maji na lava katika Minecraft



Wazee wetu wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kumbe kuko dunia moja ambamo methali hii haina nguvu. Katika Minecraft, ule mchezo wa kujenga kwa matofali, unachimba shimo la matofali mawili kwa mawili, unamwaga ndoo moja ya maji kwenye pembe moja, na ndoo ya pili kwenye pembe inayoitazama. Shimo lote linajaa na kutulia. Sasa chota ndoo moja: pengo linajiziba lenyewe. Chota ya pili, ya kumi, ya elfu. Hakipungui kitu. Kwa ndoo mbili tu umepata kisima cha milele.

Mwanafizikia yeyote ataita hii hitilafu, juu maji hayawezi kuzaliwa kutoka hewani. Lakini hitilafu hii, pamoja na ndugu zake, iko na historia ndefu kuliko mchezo wenyewe. Na mimi naona ina somo kwetu sisi tunaojifunza kupima na kuhesabu mambo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1822 mhandisi Mfaransa Claude-Louis Navier aliandika milinganyo inayoeleza namna vitu vya majimaji vinavyotiririka. Mwaka 1845 George Stokes, mzaliwa wa Ireland, akaiweka katika sura tunayoijua leo. Waliopita kitivo cha polytechnique wanaikumbuka vizuri, wengine kwa maumivu. Ni migumu kweli: tangu mwaka 2000 Clay Mathematics Institute ya Marekani imeweka dola milioni 1 kwa atakayejibu swali la msingi kuhusu suluhisho za milinganyo hiyo, na pesa hizo bado ziko pale pale.

Kwa hiyo watu walitafuta njia ya mkato. Miaka ya 1940, kule Los Alamos, Stanislaw Ulam na John von Neumann walianza kuwaza juu ya dunia iliyogawanywa vyumba vidogo. Kila chumba hakijui habari za dunia nzima. Kinaangalia majirani wake tu, kisha kinabadilika kwa kufuata kanuni fupi. Mwaka 1973 Hardy, Pomeau na de Pazzis walitumia wazo la namna hiyo kutiririsha majimaji ya kuhesabu juu ya miraba, kama ubao wa dama. Yalitiririka, lakini kwa kasoro: hayakwenda sawa pande zote, juu yalifuata mistari ya ubao. Mwaka 1986 Frisch, Hasslacher na Pomeau wakaacha miraba, wakatumia mtandao ambamo kila kituo kiko na majirani sita. Hapo mwendo ukakaribia ule wa maji ya kweli.

Shika hilo, kisha fungua Minecraft. Mwaga ndoo moja mahali tambarare. Maji ya kweli yangetanda kama duara. Haya yanachora karo, ile ya kwenye karata. Ni kasoro ileile ya ubao wa miraba ya mwaka 1973, ila sasa watoto wa dunia nzima wanaitazama kila siku bila kujua jina lake.

Mchezo huu ulitolewa kwa watu mara ya kwanza Mei 2009. Aliyeutengeneza ni Markus Persson, mtu wa Sweden. Matoleo yale ya kwanza yalikuwa na kanuni ya maji fupi sana: tofali la maji likiona nafasi tupu pembeni au chini, linaijaza. Basi, mwisho. Hakuna kupungua, hakuna kuchoka. Mtu akimwaga maji mahali pa juu, yanafunika kila kilichoko chini. Kwa wale waliojenga pamoja mtandaoni, mkorofi mmoja alitosha kuzamisha kazi ya watu wengi. Dawa ilikuwa tofali la sifongo, lililofukuza maji kandokando yake.

Kanuni hiyo iliwezekana kwa sababu dunia za wakati ule zilikuwa na mipaka. Mwaka 2010 dunia ya mchezo ilifanywa isiyo na mwisho, na hapo hesabu ikagoma. Fikiria wewe mwenyewe: ndoo moja, kanuni ya kujaza bila kikomo, na dunia isiyo na ukingo. Kompyuta gani itamaliza kazi hiyo? Maji yakapewa mpaka. Toka kwenye chanzo, yanatembea matofali 7 mahali tambarare, kila hatua yakipungua kina, kisha yanakoma. Lava inakoma baada ya matofali 3 katika dunia ya kawaida. Na chanzo chenyewe hakipungui hata kitoe maji mwaka mzima.

Hapo ndipo hitilafu nyingi tunazozicheka zilipozaliwa. Chukua maji yanayoning'inia. Unaingia pangoni, unaona maji yamesimama ukutani kama picha, hayaanguki. Unagonga tofali la jirani, na ghafla yanamwagika. Sababu ni kwamba mchezo hauhesabu maji yote ya dunia kila wakati, juu hakuna mashine ya nyumbani ingeweza. Unahesabu yale tu ambayo jirani yake amebadilika. Maji yale hayakukataa kuanguka, hakuna aliyekuwa ameyaambia.

Ao chukua hewa chini ya bahari. Kwa miaka mingi, kila nafasi katika mchezo ilibeba kitu kimoja tu: ni maji ao ni uzio, haiwezi kuwa vyote viwili. Basi ukiweka uzio ndani ya ziwa, maji yanakimbia mahali pale, unabaki mfuko wa hewa. Wachezaji waligundua haraka: wakashuka na milango, ngazi na mienge, wakapumua kupitia mapengo ya hesabu. Katika toleo la kompyuta, jambo hili lilirekebishwa kwa sehemu kubwa Julai 2018, toleo la 1.13, uzio na vitu vingine vingi viliporuhusiwa kukaa pamoja na maji. Miaka tisa ilikuwa imepita.

Sasa tuje kwenye lava. Maji yakigusa chanzo cha lava, tofali linakuwa jiwe jeusi gumu, obsidiani. Yakigusa lava inayotiririka, linakuwa jiwe la kawaida. Ukipanga vijito viwili vikutane, unavunja jiwe, jingine linazaliwa palepale, bila mwisho. Mwaka 2011 ikatokea dunia iitwayo Skyblock: kisiwa kidogo hewani, mti mmoja, na sanduku lenye lava na barafu. Barafu inayeyuka, inakuwa maji, na kutoka hapo unajenga kila kitu kwa mawe yasiyoisha. Lakini ukikosea mpangilio, lava yako ya pekee inageuka obsidiani, na mchezo umekuharibikia. Watu wengi sana wamecheza namna hiyo. Uchumi mzima umesimama juu ya kitu ambacho mwalimu wa fizikia angekipigia mstari mwekundu.

Na hapo ndugu zangu ndipo penye jambo. Kosa likishajengewa nyumba juu yake, haliondoki tena. Ukizima kisima cha milele leo, utakausha mashamba ya mamilioni ya watu. Desemba 2022, toleo la 1.19.3 lilileta kanuni mbili ambazo mwenye dunia anaweza kuwasha ao kuzima: moja inaruhusu maji kuzaa chanzo kipya, nyingine inaruhusu lava. Ya maji inakuja imewashwa. Ya lava inakuja imezimwa. Kisima kisichoisha sasa kina jina rasmi na mahali pake katika sheria za dunia ile.

Sisemi haya ili kuwadharau waliotengeneza. Kila hitilafu niliyoitaja ilikuwa bei waliyolipa ili mchezo uende kwenye mashine ya kawaida. Walichagua namna ya kukosea. Kila anayetengeneza mfano wa kitu cha kweli anachagua hivyo: mwenye kupima mvua, mwenye kukadiria bei ya mihogo, mwenye kuandika memware. Shida inaanza pale mtumiaji anaposahau kwamba kulikuwa na uchaguzi.

Piga hesabu hii. Mchezo una mapigo 20 kwa sekunde. Lava katika dunia ya kawaida inasogea tofali moja kila mapigo 30, na tofali moja ni mita moja. Hiyo ni kilometa 2.4 kwa saa. Mtoto mdogo anaiacha nyuma akitembea. Sisi wa Kivu tunajua habari nyingine. Januari 1977 lava ya Nyiragongo inakadiriwa ilishuka mlimani kwa kilometa 60 kwa saa. Januari 2002 lava ya mlima uleule ilipita katikati ya Goma mpaka ziwani. Haikusimama baada ya matofali matatu.

Mchezo haukudanganya mtu. Ulisema toka mwanzo kwamba ni mchezo. Lakini wewe kesho utakuwa na ramani ya hatari mkononi, ao jedwali la makadirio, na halitakuambia lenyewe limepunguza wapi. Uliza: kanuni yake ni ipi? Imeacha nini ili hesabu iwe rahisi? Na nani ameshajenga nyumba yake juu ya hicho kilichoachwa?

Na wewe ndugu, katika fani yako, kuko "kisima kisichoisha" gani ambacho wote mnakitumia na hakuna anayekiuliza? Andika hapo chini, tujadiliane.