Heshima na Ukimya: Ustawi wa Mtoto katika Shule za Msingi za Kikristo za Migori na Homa Bay

Mjadala wa elimu ya mahusiano katika shule za Kenya umekwama kwa zaidi ya miaka kumi kwenye swali moja: mtoto aambiwe nini kuhusu mwili wake, na akiwa na umri gani. Desemba 2013 mjini Cape Town, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilizotia saini ahadi ya mawaziri wa afya na elimu kuhusu elimu ya jinsia kwa vijana. Maaskofu wa Kikatoliki na viongozi wa makanisa mengine waliipinga elimu hiyo, na tangu hapo kila upande umeshikilia orodha yake ya mada. Hoja ya makala haya ni kwamba katika kaunti za Migori na Homa Bay, orodha ya mada haijagusa kiini cha jambo. Hatari inayomkabili mtoto wa huko mara nyingi hutoka kwa mtu mzima anayemfahamu, na shule ya Kikristo, kwa nia njema kabisa, humfundisha kumtii kila mtu mzima. Mambo haya mawili hayapatani.

Tuanze na hali ilivyo. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wakiishi na virusi vya UKIMWI, na asilimia 13.3 huko Migori, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2014 ulionyesha kwamba thuluthi moja ya wasichana wa Homa Bay wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba au kuzaa. Utafiti kama huo wa 2022 ulikuta kiwango kimeshuka hadi asilimia 23, ambacho bado ni kikubwa kuliko asilimia 15 ya taifa. Mimbarini takwimu hizi husomwa kama ripoti ya tabia za wasichana. Lakini msichana hajipi mimba. Nyuma ya kila tarakimu yupo mwanamume, na aghalabu ni mtu mzima mwenye kipato: mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay anayempa samaki mwanamke akitaka kulipwa kwa mwili, desturi inayojulikana ziwani kwa jina la jaboya, mchimba dhahabu wa Macalder, mwendesha boda boda anayembeba mwanafunzi bila nauli asubuhi tatu na ya nne anadai. Wapo pia mjomba, mwalimu na mzee wa kanisa, ambao hatupendi kuwataja.

Kutaja kuna maana yake. Kati ya 2003 na 2005 mwanauchumi Pascaline Dupas aliendesha jaribio katika shule za msingi 328 za magharibi mwa Kenya, jirani na Nyanza. Katika shule 71 wasichana wa darasa la nane walipewa mazungumzo ya dakika 40 pamoja na filamu fupi, wakaelezwa jambo moja tu ambalo mtaala ulikuwa umelinyamazia: kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko wavulana wa rika lao. Mimba za wasichana hao zilipungua kwa asilimia 28. Kuwapa walimu mafunzo ya mtaala rasmi wa UKIMWI, uliosisitiza kujizuia hadi ndoa, hakukupunguza mimba hizo. Wapo watakaosoma matokeo haya kama ushindi dhidi ya makanisa. Mimi sioni hivyo. Hakuna mafundisho ya kanisa lolote yanayokataza kumwambia mtoto ukweli kuhusu mtu mzima anayemwinda. Kilichokosekana katika mtaala ule ni ujasiri wa kusema hatari inatoka kwa nani, na ujasiri huo haumo katika silabasi yoyote, ya dini wala ya dunia.

Sasa tuingie shuleni. Kwenye gwaride la asubuhi mwalimu wa zamu akitafuta andiko la nidhamu, mara nyingi litakuwa Waefeso 6, aya ya kwanza, inayowaagiza watoto wawatii wazazi wao. Watoto huijua kwa moyo kabla hawajaweza kuandika majina yao vizuri. Aya ya nne ya sura hiyo hiyo, inayowageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao, sijawahi kuisikia ikikaririwa kwenye gwaride. Anayeifahamu ni mwalimu, naye hajilazimishi kuifuata. Baada ya andiko hufuata matangazo, na baada ya matangazo, katika shule nyingi, hufuata kiboko kwa waliochelewa. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kimeifanya kosa la jinai, pamoja na unyanyasaji wa kiakili. Fimbo imebaki. Mtoto aliyezoezwa kila wiki kwamba mtu mzima anaweza kuuumiza mwili wake na kumwambia ni kwa faida yake, kisha akatakiwa kusema asante, amekwisha kupata somo la mahusiano. Kipindi cha ushauri nasaha cha Ijumaa hakiwezi kulifuta.

Wasomi wa historia ya eneo hili watanikumbusha kwamba utiifu haukuletwa na wamisionari. Ni kweli, lakini kuna kilichobadilika. Waadventista waliingia Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen wa Kanada na Peter Nyambo wa Nyasaland, na baadaye wakafungua shule ya Kamagambo. Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Asumbi. Kabla ya hapo msichana wa Kijaluo alilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao kuhusu Siaya cha 1989, wamemweleza mwanamke huyu kama mwalimu wa mambo ya ukoo, ya mwili na ya dunia iliyo nje ya boma. Pim hakuwa mama wa watoto wale. Hakuwa mwenye kupanga mahari yao, na kwa sababu hiyo walimwambia yasiyoweza kufika kwa mama. Shule ya misheni iliichukua kazi ya kufundisha na kuiweka mikononi mwa mtu mmoja ambaye pia huadhibu, husahihisha mitihani na huandika ripoti kwa mzazi. Mtoto akikosewa na mtu huyo, au na rafiki yake, aende wapi?

Sipendekezi kufufua siwindhe. Mengi yaliyofundishwa humo hayafai kwa mtoto wa leo, na bibi wa Homa Bay wana mzigo wa kutosha wa kulea wajukuu walioachwa na UKIMWI. Kinachofaa kurithiwa ni kanuni yake: kila mtoto awe na mtu mzima asiyeshika fimbo wala alama, anayejulikana kwa jina, na ambaye kumwendea si utovu wa nidhamu. Katika shule nyingi mwalimu wa ushauri nasaha ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Mpango huo unafaa kuvunjwa hata kabla ya kununua kitabu kimoja cha ustawi.

Biblia yenyewe inalo somo ambalo shule hizi zimeliogopa bure. Sura ya 13 ya Samweli wa Pili inasimulia habari za Tamari, binti wa Daudi, na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Kituo cha Ujamaa cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kiliijengea sura hii usomaji wa vikundi, na FECCLAHA, ushirika wa mabaraza ya makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika wenye makao Nairobi, ukaueneza miongoni mwa watu wazima chini ya jina la Kampeni ya Tamari. Katika shule ya msingi sura hiyo haihitajiki kusomwa yote. Tendo lenyewe linaweza kuachwa, na bado yabaki maswali ambayo mtoto wa Gredi ya 5 atayajibu vizuri kuliko baadhi ya wachungaji. Nani alimtuma Tamari nyumbani kwa Amnoni? Baba yake, mfalme, aliyedanganywa kwamba kijana anaumwa. Tamari alikwenda kwa sababu alikuwa mtiifu. Je, alikataa? Alikataa, tena kwa hoja. Alinyamaza baadaye? Alilia kwa sauti njiani. Nani alimnyamazisha? Absalomu, ndugu yake, akimwambia asilitie jambo hili moyoni kwa kuwa mkosaji ni ndugu. Mfalme alipopata habari alifanya nini? Alikasirika, na hasira yake ikaishia hapo.

Kila mtu mzima katika kisa hiki anapatikana Nyatike na Ndhiwa. Yupo anayemtuma msichana apeleke madaftari nyumbani kwa mwalimu, na hana ubaya wowote. Yupo ndugu anayesema yamalizwe nyumbani, ng'ombe watoke, jina la ukoo lisichafuke, ingawa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiutambui mkataba wa ng'ombe katika unajisi wa mtoto. Na yupo mwalimu mkuu anayekasirika ofisini, akafunga mlango, akaomba uhamisho wa mkosaji. Somo la Tamari lina nguvu kwa kuwa halimlaumu mtoto kwa kutii, wala halimwachii yeye peke yake kazi ya kujilinda. Linawashtaki watu wazima mmoja mmoja.

Pingamizi kubwa ninalolijua ni la wazazi na wazee wa kanisa: mtoto akifundishwa kuhoji amri ya mkubwa, heshima itavunjika, na kesho atakataa hata kuchota maji. Silidharau pingamizi hili. Katika boma ambamo bibi mmoja anawalea wajukuu sita, utiifu ni chakula. Lakini makanisa yenyewe yamekwisha kulijibu, huko Kuria, ndani ya Migori. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya 2011, na hata hivyo misimu ya Novemba na Desemba imeendelea kuja, wasichana wakiitwa na bibi zao, shangazi zao na wazee wa koo. Makanisa na shule zimewapokea wasichana waliotoroka, zikawalaza madarasani, zikawapa uji na kuwasifu. Hapo kanisa limefundisha kwamba ipo amri ya mkubwa ambayo mtoto wa Mungu haitii, na halikuona kwamba limeharibu heshima. Likiweza kulisema hilo kuhusu wembe Kehancha, haijulikani kwa nini lishindwe kulisema kuhusu mkono wa mwalimu kule Rongo.

Wavulana nao wasisahauliwe, ingawa wao huangaliwa kama tishio zaidi kuliko kama watoto. Mvulana anayevua omena usiku na kusinzia darasani, au anayeponda mawe ya dhahabu ili apate fedha ya daftari, hujifunza mahusiano kutoka kwa wanaume walio karibu naye. Ukimchapa kwa kusinzia umemthibitishia waliyomwambia.

Nafasi ya kufanya kazi hii ipo, na ni ya kanisa hasa. Sheria ya Elimu ya Msingi inampa mfadhili wa shule uwakilishi katika bodi ya usimamizi na wajibu wa malezi ya kiroho. Ratiba ina kipindi cha PPI kila wiki, kilichotengwa kwa mafundisho ya dini ya mwanafunzi, na mtaala wa umilisi umeweka upendo, heshima na haki ya jamii miongoni mwa maadili yake. Kwa miaka mingi kipindi hicho kililiwa na marudio ya hisabati kwa ajili ya KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kisingizio kimekwisha, isipokuwa labda kwa wale wanaokijenga upya kwa jina la tathmini ya KPSEA.

Fedha hazihitajiki nyingi. Inahitajika kukubali kwamba somo la kwanza la ustawi ni la walimu na wazee wa kanisa, kabla ya watoto. Waraka nambari 3 wa 2010 wa Tume ya Huduma za Walimu unamtaka mwalimu anayepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono azitoe ndani ya saa 24, na akizificha ataadhibiwa yeye. Waraka huo usomwe kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, mchungaji akiwa ameketi mbele. Nambari 116 ya simu ya watoto, isiyotozwa chochote, iandikwe kwenye ukuta wa darasa, si wa ofisi. Mwanafunzi asitumwe nyumbani kwa mwalimu. Na kila mwaka kanisa mfadhili liwaambie wazazi ni malalamiko mangapi yaliletwa na watoto, na kila moja liliishia wapi. Shule itakayosema haikupokea hata moja ichunguzwe kwanza.