Uzito wa Sindano: Istilahi ya Kuchagulia Kinanda cha Santuri

Mtu anayetafuta kinanda cha santuri cha bei nafuu huuliza kwanza bei, kisha rangi, kisha kama kina spika ndani. Swali linalostahili kutangulia yote hayo ni hili: sindano yake inailemea santuri kwa gramu ngapi? Kipimo hicho ndicho ninachokiita uzito wa sindano. Hiyo ndiyo istilahi ninayoitetea hapa, kwa sababu asiyekuwa na jina la kitu hiki hawezi kukiuliza dukani, na asipokiuliza atarudi kwetu Garissa na mashine itakayozila santuri zake moja baada ya nyingine.

Tuanze na maneno jirani, maana yamevurugika. Santuri kwa Waswahili wengi ni sahani yenye nyimbo, lakini wapo wanaoiita mashine yenyewe santuri, na wapo wazee wa pwani ambao kwao sahani ya nyimbo ni sahani tu, basi. Vijana wa miji husema rekodi. Katika makala hii santuri ni ile yenye nyimbo, na mashine ni kinanda cha santuri. Kile kibamba kinachozunguka, ambacho santuri hulala juu yake, ni sahani. Juu yake unapita mkono. Ncha ya mkono hubeba katriji, na chini ya katriji kuna sindano. Nyuma ya mkono hukaa kipande kizito cha chuma cha kusawazisha. Hicho nakiita jiwe. Lugha yetu ina mawe ya mizani tangu zamani hata pale yalipokuwa ya chuma au shaba, na mkono wa kinanda ni mizani halisi: upande mmoja sindano, upande wa pili jiwe, na katikati mhimili.

Kipimo chenyewe kikitafsiriwa neno kwa neno kutoka vitabu vya maelekezo tutapata “nguvu ya kufuatilia”, na hapo fundi na mteja wote watapotea. Nani anafuatilia nani? Mwalimu wa fizikia atapinga neno uzito kwa hoja nzito zaidi. Atasema gramu ni kipimo cha tungamo, na kinachoisukuma sindano chini ni kani, ipimwayo kwa nyutoni. Ni kweli, na gramu 2 zinazotajwa kwenye kijitabu cha katriji ni takriban nyutoni 0.02. Lakini dunia nzima ya santuri hupima kwa gramu, mizani ya sokoni husoma gramu, na Mswahili aliyeona kitu kikilemea kingine husema kina uzito. Kani ya sindano ibaki darasani. Mkandamizo nao ningeuacha, kwa kuwa unahusu eneo linalobanwa, na hapo ndipo hatari ilipo: ncha ya sindano ni ndogo mno, nusu kipenyo chake huwa karibu milimita 0.018. Gramu mbili tu zikitua juu ya ncha kama hiyo, kuta za mfereji uliochongwa kwenye santuri hubanwa vikali kweli. Na safari ni ndefu. Upande mmoja wa LP, santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, ukiwa wa dakika 20 huzunguka mara 667 hivi, na sindano husafiri zaidi ya mita 400 ndani ya mfereji huo.

Kabla ya LP mambo yalikuwa mengine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, sauti zao zilitoka kwenye santuri za shelaki, nzito, zenye kuvunjika kama kauri, zikizunguka mara 78 kwa dakika. Gramafoni za kutia ufunguo zilizozipiga hazikuwa na umeme. Sauti yote ilitokana na sindano ya chuma kutikiswa na mfereji, kwa hiyo ilibidi ilemee sana, zaidi ya gramu 100 mara nyingi. Shelaki ilichanganywa na unga wa mawe ili iistahimili, na hata hivyo ilitakiwa sindano mpya kila baada ya kupiga upande mmoja. Kisha mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta LP ya vinili ya mizunguko 33⅓, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta santuri ndogo ya mizunguko 45. Mifereji ikawa myembamba, sindano ikawa nyembamba, uzito ukashuka. Ndiyo maana ile gramafoni nzuri ya tarumbeta iliyorithiwa nyumbani haifai hata kidogo kwa santuri ya vinili. Itaiharibu mara ya kwanza tu.

Sasa dukani. Kuna vinanda vya sanduku, vya kufungwa na kubebwa kama mkoba, vinavyopendeza macho na vyenye bei ya chini kuliko vyote. Vingi kati ya hivyo hutumia katriji ya kauri inayotaka gramu 5 au zaidi, mkono wa plastiki usio na jiwe, na hakuna pa kurekebisha chochote. Sivipendekezi kwa mtu mwenye santuri anazozithamini. Ngazi ya pili ni kinanda kama Audio-Technica AT-LP60X: katriji ni ya sumaku, uzito umewekwa kiwandani karibu na gramu 3, mkono hujiinua wenyewe upande ukiisha, na kikuza sauti cha awali kimo ndani. Hakikupi uhuru wa kurekebisha, lakini kinatosha kwa anayeanza, ila hakipigi santuri za 78. Ngazi ya tatu ni kile chenye jiwe la kuzungusha, mfano AT-LP120X wa kampuni hiyo hiyo, unaokwenda mizunguko 33⅓, 45 na 78, na katriji yake ya VM95E hutaka gramu 2. Mwenye santuri za shelaki za bibi yake aende huko, na anunue pia sindano nene ya 78, kwa sababu mfereji wa shelaki ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP, na sindano nyembamba hukwaruza sakafu yake badala ya kushika kuta.

Mitumba nayo isidharauliwe. Kinanda cha zamani cha Technics au Philips chenye mkono mzima ni bora kuliko sanduku jipya. Angalia mambo machache tu: jiwe lipo na halijapotea, mkono hausiti kwenye mhimili, na sindano mpya ya katriji hiyo bado inauzwa. Na kama kimetoka Marekani, uliza mota yake ni ya aina gani. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hezi 50, wa Marekani ni hezi 60. Mota za zamani zinazofuata hezi za umeme zitazunguka polepole hapa, santuri ya 33⅓ itakwenda kama 28 kwa dakika, na mwimbaji atasikika mgonjwa. Transfoma hubadili volti, haibadili hezi.

Kukiweka kinanda sawa ni kazi ya nusu saa, na hapo ndipo istilahi yetu inapofanya kazi. Tafuta meza isiyotikisika, weka pima maji ya mwashi juu ya sahani, sawazisha miguu mpaka povu litulie katikati. Ondoa kifuniko cha sindano. Zungusha jiwe mpaka mkono uelee, usizame wala usipande. Huo ndio uzito wa sifuri. Shika jiwe lisizunguke, geuza pete yake ya namba pekee isome sifuri, kisha zungusha jiwe na pete kwa pamoja mpaka isome gramu zilizoandikwa kwenye kijitabu cha katriji. Kile kidude cha kuzuia mkono usivutwe ndani kielekeze kwenye namba hiyo hiyo. Halafu usiiamini pete. Mizani ndogo ya kidijitali, ya aina wanayotumia wauza dhahabu, inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, itakuambia kweli: iwekwe juu ya sahani iliyosimama, na sindano itue juu yake taratibu. Mkeka wa sahani uondolewe, ili kimo cha mizani kikaribiane na kimo cha santuri.

Hapa lipo kosa linalofanywa na watu waangalifu kuliko wote. Wanaona kwamba uzito huumiza, basi wanaupunguza mpaka gramu moja. Sindano nyepesi mno haishiki kuta. Hurukaruka ndani ya mfereji kama jembe jepesi kwenye udongo mkavu wa kando ya mto Tana, na kila inapotua hung'oa chembe ya vinili. Sikiliza herufi “s” ya mwimbaji: ikikwaruza, mara nyingi uzito umepungua au sindano imechakaa. Kama kijitabu kinasema 1.8 hadi 2.2, kaa kwenye 2 na uache hapo.

Garissa ina mambo yake. Joto la mchana hupita nyuzi 35 miezi mingi, na watu huniuliza kama uzito ubadilishwe. La. Mpira mdogo unaoshikilia shina la sindano hukazwa na baridi na kulegezwa na joto, kwa hiyo anayehitaji kuongeza kidogo ni mtu wa Limuru kwenye baridi. Adui wa hapa ni santuri iliyopinda. Vinili huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani hufika huko kwa urahisi. Santuri ikipinda, sindano hupanda kilima na kushuka bonde kila mzunguko: inapopanda uzito huongezeka, inaposhuka hupungua, na ule usawa ulioupata kwa mizani unakuwa kazi bure. Kwa hiyo ukinunua Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350 kupitia Mwingi isiwe ndani ya buti la basi. Beba santuri miguuni pako, zimesimama, zisilazwe. Nyumbani zikae mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Vumbi nalo hujikusanya kwenye ncha likawa kibonge. Lisafishe kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si upande kwa upande.

Na santuri zenyewe? Garissa haikuwahi kuwa mji wa santuri kama Mombasa. Muziki wa Kisomali unaosikilizwa hapa ulihifadhiwa zaidi kwenye tepu za redio na kaseti, na sehemu kubwa ilinusurika kwa taabu. Kanda za Radio Hargeisa zilifichwa chini ya ardhi mji uliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988. Lakini katika miaka ya karibuni nyimbo hizo zimeanza kutoka kwenye vinili. Mkusanyo wa Sweet as Broken Dates ulitolewa na Ostinato Records mwaka 2017 na ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kampuni ya Analog Africa imetoa nyimbo za Dur-Dur Band, na mwaka 2019 ikatoa Mogadisco, iliyotokana na hazina ya Radio Mogadishu. Mpenzi wa muziki wa Kaskazini Mashariki anaweza leo kuziweka hizo kando ya santuri za 45 za bendi za Les Wanyika na Shirati Jazz zinazopatikana kwa wauzaji wa mitumba Nairobi. Hizi za mwisho hazitapigwa chapa tena kama zilivyokuwa. Mfereji ukishalika, hakuna fundi wa kuurudisha.

Ukiingia dukani, basi, muulize muuzaji: uzito wa sindano ni gramu ngapi? Asipojua, aweke mizani na apime mbele yako. Ikisoma gramu 5 au zaidi, hata kama bei ni nzuri, kiache kinanda hicho hapo hapo.