Kutafuta Paka Aliyepotea: Kutoka Msikiti wa Madina Hadi Milima ya Upare

 

Huenda wapo watakaocheka wakiona somo letu. Lakini tunaulizwa, na anayeulizwa hana budi kujibu: mtu amepotelewa na paka, je, inafaa aende kwa imamu amtangazie kwa kipaza sauti cha msikiti? Katika vijiji vya Mbaga, Vudee, Chome na Gonja, ambako nyumba zimetawanyika mabondeni na mitelemkoni, sauti ya msikiti hufika mahali ambapo mguu hufika kwa saa nzima. Basi muulizaji si mpuuzi.

Jambo hili lilitokea mbele ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe, ingawa mnyama hakuwa paka. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Burayda (r.a.) kwamba mtu mmoja alisimama msikitini akiulizia ngamia wake mwekundu. Mtume (S.A.W.) alimwombea asimpate, akabainisha kuwa misikiti imejengwa kwa ajili ya yale iliyojengewa. Na kwa Abu Huraira (r.a.), ambaye lakabu yake yenyewe inatokana na kijipaka alichokuwa akikilea, imepokewa kwamba yeyote anayemsikia mtu akitafuta kilichompotea msikitini amwambie maneno kama hayo. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameeleza kuwa kufanya hivyo ni makuruhu. Lakini katika kitabu chake cha Minhaj, mlango wa luqata, yaani mali iliyookotwa, amesema tangazo lifanywe masokoni na kwenye milango ya misikiti. Msomaji aangalie neno hilo: milango. Watu wanaotoka kuswali ndio wanaotangaziwa, na utulivu wa walio ndani hauguswi.

Je, paka ni mali hata aingie katika mlango huo? Hapa wanavyuoni wamevutana. Jabir (r.a.) aliulizwa kuhusu thamani ya mbwa na ya paka, akajibu kuwa Mtume (S.A.W.) aliikemea. Wapo walioishika hadithi hii kwa dhahiri yake wakaharamisha kumuuza paka. Jamhuri ya wanavyuoni, na Shafii wamo, wameihusisha na paka wa porini asiye na manufaa, au wakaona ni katazo la kuwataka watu wapeane bila ya malipo. Paka mwenye manufaa anamilikiwa na kuuzwa. Na manufaa yake huku kwetu hayahitaji dalili ndefu. Mwenye mahindi darini anajua panya hufanya nini kwa usiku mmoja. Ng'ambo ya bonde la Mkomazi, katika Wilaya ya Lushoto, tauni iliyoanza mwaka 1980 ilirudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini, na maelfu ya watu waliugua kutokana na viroboto wa panya. (Tuseme pia, paka mwenyewe huambukizwa tauni, basi anayerudi akiwa na homa na uvimbe asipakatwe.)

Kwa hiyo anayemkuta paka wa watu na kumfungia kwake amechukua mali ya watu. Na mali hiyo haibadiliki kwa dini ya mwenyewe. Tunalisema hili kwa sababu ya hali ya Upare. Uislamu ulipanda huku pamoja na watu wa pwani na misafara yao iliyopita chini ya milima; Walutheri wa Leipzig wakafika mwaka 1900, na Wasabato wakaanza Mamba mwaka 1903. Leo ukoo mmoja una Waislamu, Walutheri na Wasabato, na paka hajui mpaka wa boma. Paka wa jirani Msabato akiingia kwako, amana yake ni ile ile.

Minhaj hii si kitabu cha mbali. Imesomeshwa kwa vizazi katika vyuo vya pwani yetu, na tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1914, iliyotolewa kwenye ile ya Kifaransa ya van den Berg, ilitumiwa hata na mahakimu wa kikoloni Zanzibar na Kenya. Ndani yake imo mas'ala ya paka kwa jina lake: paka akiharibu ndege au chakula cha watu, na ikawa inajulikana kuwa ndiyo tabia yake, mwenyewe atalipa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kama hakujulikana hivyo, halipi.

Tunakaa hapa kidogo, kwa sababu paka wengi wanaosemwa wamepotea hawakupotea. Wameuawa na mwenye vifaranga, au wamekula panya aliyekula sumu. Baghdad ya karne ya tatu na ya nne Hijria ilikuwa hivyo hivyo. Mshairi kipofu Ibn al-Allaf, aliyekuwa akikaa katika baraza la Khalifa al-Mu'tadid, alikuwa na paka aliyezoea kuingia katika mabanda ya njiwa ya majirani na kula vifaranga. Majirani wakamkamata, wakamuua. Ibn al-Allaf akamtungia maombolezo ambayo Ibn Khallikan amesema ni beti 65. Wengine wamedai kuwa paka ni kisitiri tu, na aliyeliliwa ni Ibn al-Mu'tazz, aliyeuawa mwaka 296 Hijria (908), mshairi akiogopa kumtaja waziwazi. Vyovyote iwavyo, kifiqhi kesi ile ina pande mbili. Mwenye paka alijua tabia ya mnyama wake, basi fidia ya njiwa ilikuwa juu yake. Na wenye njiwa walikuwa na haki ya kumfukuza na kudai fidia. Kumuua akiwa ametulia, hafanyi shari, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu inakataza, ijapokuwa Kadhi Husayn aliruhusu. Sisi hatuoni sababu ya kuiacha kauli yenye nguvu. Mwenye vifaranga na aje na hesabu yake, na mwenye paka asiifiche.

Upande wa mashariki wa Same kuna jambo jingine. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008, ina kimburu, paka wa mwituni ambaye wataalamu mwaka 2007 walionyesha kuwa jamii yake ndiyo asili ya paka wote wa majumbani. Paka wa nyumbani akifuata kimburu porini hatoki katika milki ya mwenyewe. Nawawi amesema kuwa mwenye kumiliki kiwindwa hapotezi milki yake kwa mnyama huyo kuponyoka. Seuze paka aliyezaliwa jikoni.

Anayemwokota afanye nini? Masahaba wametuachia mfano. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Umar (r.a.) ngamia waliopotea waliachwa, hawaguswi na mtu, mpaka wakazaana. Ilipofika zama za Uthman (r.a.), akaamrisha watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Wanavyuoni wameeleza kuwa hali ya watu ilibadilika na mikono ikawa myepesi, ndipo njia ya kuhifadhi ikabadilika. Paka thamani yake ni ndogo, na kitu kidogo hakitangazwi mwaka mzima. Hutangazwa kwa muda ambao kwa kawaida mwenyewe atakuwa ameacha kukitafuta. Mwokotaji amlishe na aulizie kwa majirani na sokoni.

Na mwenye paka je, ni wajibu amtafute? Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kosa lake lilikuwa kumfunga: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie katika wadudu wa ardhini. Paka aliyeachwa huru, aliyezoea kuzunguka, mwenyewe hana dhambi asiporudi. Lakini mwenye duka la nafaka Same aliyefunga ghala Alhamisi akasafiri, kisha paka haonekani, huyo kumtafuta kwake ni wajibu, na aanze kwa kufungua milango yake mwenyewe kabla hajamshuku jirani.

Tukirudi kwenye kipaza sauti: maikrofoni ikiwa mihrabuni, mtangazaji yumo msikitini, hata sauti ikisikika bonde la pili. Hatuoni tofauti yake na mwenye ngamia mwekundu. Tangazo la msiba ni wito wa swala ya maiti na mazishi, na mtoto aliyepotea ni roho ya mtu, si mali. Hayo tunayaona mbali na katazo. Mwenye paka na asubiri watu watoe salamu, asimame nje karibu na viatu, aseme rangi ya paka wake na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Wallahu a'lam.